Ubao wa Taa: Shajara ya Mradi, Moshi 2024

Jumamosi, 6 Julai

Nimeleta nyumbani nusu karatasi ya plaiwudi, taa ndogo za LED 40, waya wa rangi tatu na kopo la rangi nyeusi. Fedha ni ya kikundi, kwa hiyo risiti zote ziko kwenye bahasha juu ya kabati, mahali ambapo Mama hafiki. Mama huhifadhi karatasi. Akishazihifadhi, zimekwenda.

Niandike sasa kwa nini tunafanya hivi, maana ikifika Septemba nitakuwa nimechoka na nitajiuliza. Kwenye kikundi tuko 14, kila mmoja analea mzazi, mwenzi au bibi anayesahau. Mwezi uliopita nilisimama mbele yao na chaki kuwaeleza ugonjwa wa Alzheimer kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu wa baiolojia. Nusu yao walisinzia. Mzee mmoja anayemlea mkewe akanihurumia: "Mwalimu, usijichoshe. Kichwa ni gunia. Limezeeka, limetoboka, linavuja. Basi."

Pale pale sikuwa na jibu. Lilinijia njiani kurudi Pasua. Gunia likitoboka chini, kinachotangulia kutoka ni kilichotangulia kuingia. Kwa Mama ni kinyume kabisa. Ya miaka ya mwanzo ya ndoa yapo yote, hadi sura ya karani aliyewapimia kahawa kwenye chama cha ushirika. Chai ya saa nne asubuhi ndiyo haipo. Basi si gunia. Kuna jambo limeharibika mlangoni na njiani, na njia naweza kuijenga kwa waya na taa.

Lengo: ubao uwe tayari tarehe 21 Septemba, Siku ya Alzheimer Duniani, ambayo mwaka huu inaangukia Jumamosi. Ukumbi tumeshaazima.

Jumapili, 14 Julai

Leo ni chaki tu, sijatoboa tundu hata moja. Shida ni majina. Kitabuni, jambo jipya linaanzia gamba la entorino, linaingia jairasi ya denteti, linapita CA3, linafika CA1, linatoka kupitia subikulamu na kurudi tena entorino, na kutoka hapo linaelekea gamba pana la ubongo. Mzunguko huo ndio hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoandika kumbukumbu mpya, na jirani zake, moja kila upande, kwa ndani usawa wa sikio. Ukiwasomea orodha hiyo watu waliotoka shambani, umewapoteza kabla hujafika CA3.

Nimeyabatiza upya. Entorino ni Lango, kwa sababu yanayoonwa, yanayosikika na yanayonuswa hukusanyika pale kabla ya kuingia. Denteti ni Ungo: inapepeta mambo yanayofanana yasichanganyike, ili kwenda Kiboriloni leo kusiwe ndiko kwenda Kiboriloni juma lililopita, ingawa daladala ni ile ile na muuza mitumba ni yule yule. CA3 ni Sindano. Seli zake zimeungana zenyewe kwa zenyewe, hivyo ukiipa kitambaa kidogo inashona vazi zima. Harufu ya moshi tu, na jiko lote la bibi yako limerudi. CA1 ni Mizani: inalinganisha kilichoshonwa na kinachoingia sasa hivi. Gamba pana nimeliita Ghala. Subikulamu nimeiacha bila jina, iwe kona tu ya waya. Wataalamu wanisamehe.

Kwenye Lango nimeongeza picha ndogo ya njia panda. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser huko Norwe walieleza kwamba seli za entorino za panya huwaka kwa mpangilio wa pembetatu zinazojirudia kadiri panya anavyotembea, kama ramani iliyochorwa sakafuni, na mwaka 2014 wakapata Nobeli pamoja na John O'Keefe. Watu wa kikundi hawahitaji habari za Nobeli. Wanahitaji kujua kwa nini wazee wetu hupotea kwenye njia walizozizoea. Kabla hajaanza kurudia maswali, Mama alipotea kati ya sokoni na nyumbani. Tulimcheka, eti mji umekua.

Kwa rangi nyekundu nimeandika hatua, 1 hadi 6, nikiwafuata watafiti Heiko na Eva Braak, ambao mwaka 1991 walipanga safari ya mafundo ya protini ya tau ndani ya ubongo. Mafundo huanzia ukingoni mwa Lango, huenea hipokampasi, kisha ndiyo yanafika Ghalani. Ndiyo maana jipya haliingii ilhali la zamani bado limekaa.

Jumamosi, 20 Julai

Fundi ana kibanda karibu na soko la Mbuyuni, na kazi yake hasa ni umeme wa pikipiki. Amekubali kunisaidia bila malipo mradi nisimharakishe.

"Mwalimu, waya kumi za nini kwenda taa moja? Moja inatosha."

"Nataka kumi, Fundi, maana nitakata sita."

Nikamweleza. Mwaka 1996 ilichapishwa hesabu ya seli za Lango, tabaka lile la pili linalopeleka nyaya kwenye Ungo, katika bongo za watu waliofariki. Waliokuwa na dalili ndogo sana za Alzheimer walikuwa wamepoteza kiasi cha asilimia 60 ya seli za tabaka hilo. Waliozidiwa, kiasi cha asilimia 90. Kwa hiyo waya sita, halafu tisa.

Tukaunga kumi. Nikakata sita kwa koleo, nikisubiri taa ififie. Haikufifia hata chembe. Fundi alicheka hadi vijana wa bodaboda wakaja kuuliza kuna nini. "Si nilikuambia moja inatosha?"

Nilirudi nyumbani nimenuna. Usiku nikaona kwamba ubao ulikuwa unanifundisha mimi. Wale wa dalili ndogo walikuwa wamepoteza zaidi ya nusu ya nyaya zao na bado wanajivalisha, wanapika, wanasalimia watu barabarani. Ubongo una akiba, na familia ikija kugundua, koleo limeshafanya kazi siku nyingi. Sasa sitaki taa ififie mapema. Ila kulikuwa na uongo mwingine: ukikata ya kumi, taa inazimika pu! Ugonjwa hauendi hivyo. Fundi ameweka rizista ndogo, kipande cha kupunguza umeme, kwenye kila waya, na sasa kuanzia wa kwanza hadi wa sita huoni tofauti ya maana. Ukifika wa nane unaiona hata ukiwa nyuma ya ukumbi.

Jumatano, 31 Julai

Sijashika ubao. Mama amemenya mkungu mzima wa mshare kwa ajili ya mtori, kisu kinatembea bila yeye kukiangalia, maganda yote unene mmoja. Alipomaliza aliosha mikono, akaona beseni limejaa, akaniuliza nani kamenya ndizi zote hizi.

Nikamkumbuka Henry Molaison. Mmarekani, alifanyiwa upasuaji mwaka 1953 ili kumwondolea kifafa, akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Brenda Milner, aliyempima kwa miaka mingi, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku tatu mfululizo mkono ulizidi kuwa hodari, na kila siku mwenyewe alisema hajawahi kuiona kazi hiyo. Mkono una njia yake, haupiti Langoni.

Kwa hiyo ubao utapata taa ya peke yake pembeni, na swichi yake na waya wake: Taa ya Mikono. Nikikata kila kitu, hiyo inabaki inawaka.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Siku ya mapumziko. Nimempandisha Mama Machame kwa kaka, aone kihamba chake, shamba la migomba la ukoo.

Kwa majuma mawili nimekuwa na tatizo lisilo la waya. Ubao wangu unajua kufifia tu, na ugonjwa hauanzi kwa kufifia tu. Kwa watu walioanza kusahau kidogo, picha za ubongo unaofanya kazi zimeonyesha kwamba Ungo na Sindano huwaka *kupita kiasi*. Kwa panya waliopandikizwa jeni za ugonjwa, seli zilizo karibu na mabonge ya amiloidi, protini nyingine inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa, hupiga kelele zisizokoma, kwa sababu zile seli ndogo ambazo kazi yake ni kushika breki zimelegea. Kwanza wengi waliichukulia kelele hiyo kuwa juhudi: ubongo unajikaza ili ufidie. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wakaipima hoja hiyo. Waliwapa watu wenye kusahau kwa kiasi dozi ndogo ya levetiracetam, dawa ya kifafa. Kelele ikapungua, na katika kipimo cha kutofautisha picha zinazofanana wakafanya vizuri zaidi. Kama kelele ingekuwa msaada, kuipunguza kungewaumiza.

Nilimweleza Fundi hayo juma lililopita. Akakataa kata kata. Saketi mbovu huzima, hakuna saketi mbovu inayozidi kuwaka.

Leo nimepata cha kumwambia. Mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, unaopita juu ya kihamba cha kaka umebomoka pale zamu ya maji hugeuzwa. Lile jiwe na mgomba wa kuzibia vimesombwa. Maharage ya jirani wa juu yamezama. Maji yanameremeta kila mahali, mengi kuliko siku zote, na shamba la chini, lenye haki ya zamu ya leo, limepasuka kwa ukavu. Nilisimama pale nikitazama hadi kaka akaniuliza kama naumwa.

Ndivyo ilivyo kwa Mama. Nikiingia na begi mkononi ananiuliza shule imefungwa lini. Sindano yake haina breki. Inaona begi, inashona mwaka mzima wa bweni, na Mizani haina nguvu ya kusema hapana, huyu ana mvi.

Niongeze hili, kwa kuwa niko huku. Machame iko wilaya ya Hai, na Hai ni mahali pa kutajwa katika habari hizi. Katika vijiji sita vya wilaya hii walipimwa wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, asilimia 6.4 walikuwa na demenshia, yaani akili kudhoofika kwa maradhi kama haya. Huku huku ndiko kilikotengenezwa kipimo kinachomtaka mzee apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, kwa sababu ukimpa penseli mtu ambaye hakusoma, unapima shule yake wala si ubongo. Mama alipopimwa alipanga njiti bila shida. Kisha kuna maneno kumi ya kusikiliza na kuyarudisha baadaye. Hakurudisha hata moja, na alikana kwamba kuna maneno aliyosomewa.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimemweleza Fundi habari ya mfongo. Yeye ni wa Mwika, sikuhitaji kumaliza sentensi. "Hapo sawa," akasema, akaingia ndani kutafuta flasha ya indiketa, kile kifaa kinachopepesa taa za kukatia kona.

Wazo: flasha ipitishe umeme wa Ungo na Sindano kwa vishindo, taa zipepese hovyo, na Mizani isijue ishara ya kweli ni ipi. Tukaiunga. Haikupepesa. Taa ziliwaka tu, zimetulia kama waumini. Fundi aliikung'uta, akaipindua, kisha akajigonga paji la uso: flasha ya aina hii inataka mzigo ndipo icheze, na LED zangu hazili umeme wa kutosha kuishtua. Tumefunga balbu mbili za indiketa nyuma ya ubao, ambazo hakuna atakayeziona, kazi yao kula umeme. Sasa inapepesa hadi inaudhi, na sauti yake ya tik-tak inasikika hadi barabarani. Nimependa sauti hiyo. Sikuipanga.

Flasha yenyewe si yetu. Ni ya pikipiki ya mteja anayesubiri vipuri vya injini. Fundi anasema hana haraka.

Jumamosi, 24 Agosti

Nimepoteza siku nzima kwa udongo wa mfinyanzi. Nilitaka kubandika mabonge ya amiloidi juu ya ubao, maana ndiyo yanayotajwa kila mahali. Yalikauka, yakapasuka, yakaanguka, na mwishowe nikaona ni heri. Wingi wa mabonge haulingani vizuri na kiasi ambacho mtu amesahau. Kinacholingana zaidi ni sinapsi, zile sehemu seli moja inapoikabidhi nyingine ujumbe. Hilo lilionyeshwa mwaka 1991 na kundi la mtafiti Robert Terry. Mafundo ya tau nayo hufuatana na usahaulifu kuliko mabonge. Na dawa kama lecanemab, iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na kupunguza mwendo wa ugonjwa kidogo, lakini haimrudishii mtu alichopoteza. Ukiondoa takataka juu ya mfereji hujaujenga upya ukingo uliobomoka.

Nitayataja kwa mdomo. Udongo nimempa mtoto wa jirani.

Jumapili, 1 Septemba

Hakuna kazi. Mama hajalala usiku tatu, nami vivyo hivyo. Usingizini ndipo hipokampasi hurudia matukio ya mchana na kuyapeleka Ghalani kidogo kidogo, kwa hiyo usiku kama huu unamgharimu mara mbili. Nilifikiria kuongeza swichi ya usiku. Sina nguvu.

Jumamosi, 7 Septemba

Jaribio mbele ya watu watano wa kikundi, kibandani kwa Fundi. Betri ya pikipiki imedumu saa mbili. Nyaya mbili zimeachia, tumezichomelea upya kwa risasi.

Nilianza na saketi nzima, nikaleta kelele, nikakata waya mmoja mmoja. Walielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Mama mmoja aliposikia tik-tak ya flasha alisema tu, "Ndiyo saa kumi jioni nyumbani kwangu."

Dawa zikaleta ubishi. Mtu akauliza kwa nini asiende duka la dawa akanunue hiyo ya kifafa. Nikamwambia utafiti ule ulikuwa mdogo, dozi ilikuwa ndogo kuliko ya kifafa, watu walichaguliwa mwanzoni kabisa mwa kusahau, na hiyo si dawa ya kumpa mzee bila daktari. Mwingine mama yake anatumia donepezil, akataka kuiona kwenye ubao. Nilimwonyesha betri: dawa hiyo inazuia asetilkolini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli, isivunjwe upesi, kwa hiyo kilichobaki kinapata nguvu kidogo. Waya uliokatwa haiuungi.

Kisha yule mzee wa gunia. Alikuwa ameinama muda mrefu akiangalia upande wa Ghala.

"Mwalimu, hii taa ya mwisho haijaungua?"

"Hapana, Mzee. Njia ndiyo imekatika."

Nikamsimulia utafiti wa maabara ya Susumu Tonegawa, chuo cha MIT huko Marekani, mwaka 2016. Panya wenye jeni za Alzheimer, ugonjwa ukiwa mwanzoni, walipata mshtuko mdogo wa umeme ndani ya sanduku. Kesho yake walirudishwa mle wakatembea bila hofu, wamesahau. Lakini seli za Ungo zilizofanya kazi siku ya mshtuko zilikuwa zimewekewa alama, na watafiti walipozimulika kwa mwanga wa buluu, panya waliganda kwa woga. Kumbukumbu ilikuwa imeandikwa. Wenyewe tu ndio walioshindwa kuifikia. Walipoimarisha nyaya za kutoka Langoni hadi kwenye seli zile, panya wakaweza kukumbuka wenyewe.

Mzee akauliza: "Kwa hiyo jina langu bado limo mle?"

"Kwa panya waliokuwa mwanzoni mwa ugonjwa, ilikuwemo."

"Sikukuuliza habari za panya, Mwalimu."

Mkewe ana mwaka wa tisa wa ugonjwa. Huko mbele seli zenyewe hufa, si nyaya tu, na hakuna mwanga wa buluu kwa binadamu. Nilimwambia hivyo, kwa maneno laini zaidi. Akaitikia kwa kichwa, akamsaidia Fundi kukunja waya.

Alhamisi, 19 Septemba

Rangi imekauka. Mama ameuona ubao sebuleni ukiwaka, akauliza kama Krismasi imekaribia. Nimemwambia bado, Mama. Ameuliza mara nne, na kila mara ameufurahia upya.

Jumamosi, 21 Septemba

Ukumbi ulijaa kuliko viti. Umeme ulikatika saa tano, ubao ukaendelea kwa betri, na gizani ulionekana vizuri zaidi. Waya wa saba ulikatwa na binti wa kidato cha pili aliyesema kwa sauti, "Aa, kumbe hapa ndipo Bibi alipo." Sikumsahihisha ingawa ningeweza.

Mzee wa gunia alisimama mwishoni. Sikumtegemea. Alisema mkewe hamjui yeye wala watoto, lakini ukianzisha wimbo wa kipaimara anaumaliza, beti zote. Akauliza taa ya nyimbo iko wapi.

Nilinyoosha kidole kwenye Taa ya Mikono, kisha nikakishusha. Wimbo una maneno na sauti na watu aliouimba nao. Si kumenya ndizi. Nikamwambia ukweli: ubaoni haipo.

"Basi iwekwe," akasema, akakaa.

Jumapili, 22 Septemba

Kazi zilizobaki: taa moja zaidi, karibu na Ghala lakini nje ya mzunguko, na swichi yake. Kuunga upya nyaya kumi za Lango. Kubadilisha rizista mbili zilizoungua. Risiti nimezipata zote isipokuwa ya waya. Mama aliifikia kabati, sijui kwa kiti gani.

Fundi amepiga simu kabla ya misa. Mwenye pikipiki amekuja, injini imepona, anataka indiketa zake.